Kompresa ya Mtumba ya Wazamiaji: Anza na Hewa

Kituo cha uzamiaji cha Nungwi, Mafia au Watamu hakiwezi kupeleka wageni baharini bila kompresa ya kujazia mitungi. Mashine mpya inayofikisha bar 200 na zaidi ni ghali mno, kwa hiyo wengi hununua iliyokwisha tumika, iwe ya hoteli inayofungwa au iliyoletwa kutoka Dubai au Ulaya. Uamuzi huo ni wa busara kabisa, maana mashine hizi zikitunzwa hudumu miaka mingi. Kinachoniumiza ni jinsi zinavyokaguliwa. Mnunuzi anaiwasha, anasikia mota inavuma vizuri, anaona rangi inang'aa, anatoa fedha. Hewa ambayo mteja wake ataivuta akiwa mita 18 chini ya maji haijapimwa na mtu.

Sumu ya kuogopwa ni kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na huishika damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Kiwango cha Ulaya cha hewa ya kupumua, EN 12021, hakiruhusu izidi sehemu 5 katika milioni. Huingia mtungini kwa njia mbili. Ya kwanza ni moshi wa injini au jenereta unaovutwa na bomba la kuingizia hewa. Ya pili haionekani kwa macho: kompresa ikipata joto kupita kiasi, oili huanza kuungua ndani ya silinda, na sumu ikazaliwa humo humo. Mzamiaji akifika mita 30, presha inayomzunguka ni mara 4 ya ile ya juu, na makali ya sumu nayo huongezeka mara 4. Atapanda chomboni kichwa kinamgonga na kichefuchefu kimemshika, na wenzake watasema ni mawimbi tu.

Wakazi wa Unguja wanakumbuka giza la Desemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kizima kilipoishi kwa jenereta. Hata leo umeme ukikatika, jenereta ndiyo inayowashwa, mara nyingi ukuta wa pili tu kutoka kwenye kompresa. Mahali pa kufungia mashine pachaguliwe kwa kufuata upepo, na ukumbuke kwamba kaskazi na kusi havitoki upande mmoja. Mdomo wa bomba uinuliwe juu, mbali na moshi. Kabla ya kulipa, jaza mtungi kwa mashine unayotaka kuinunua na hewa yake ipimwe. Kipimo cha mkononi cha kaboni monoksaidi ni gharama ndogo ukilinganisha na bei ya mashine, na mimi ningekinunua kwanza.

Baada ya hewa, tazama geji. Hewa haifikishwi bar 225 kwa mkupuo mmoja. Katika mashine ya hatua tatu, silinda ya kwanza huipeleka hadi bar 6 hivi, ya pili hadi 40 hivi, ya tatu inamalizia, na katikati inapozwa kwenye mabomba yaliyosokotwa. Presha iliyo kati ya hatua ya kwanza na ya pili ikizidi ile ya kitabu cha mashine, shuku vali za hatua ya pili: zinavuja na kurudisha hewa nyuma. Vali hubadilishwa kwa urahisi. Pistoni na silinda ya hatua ya mwisho ni habari nyingine, kwa bei na kwa upatikanaji.

Kisha shika saa. Mtungi wa alumini unaotumika sana pwani yetu una ujazo wa lita 11.1, na ukijaa hadi bar 207 hubeba hewa ya lita 2,200 hivi. Mashine iliyoandikwa lita 200 kwa dakika iujaze, kutoka karibu mtupu, kwa dakika 11 au 12. Ikifika dakika 18, zaidi ya theluthi ya uwezo wake imepotea, na bei nayo ishuke. Ila mota ya Marekani ya hezi 60 ikiletwa kwenye umeme wetu wa hezi 50 huzunguka pungufu kwa sehemu moja ya sita, hata ikiwa nzima.

Mashine ikiwa bado inafanya kazi, fungua vali ya kutolea maji juu ya kitambaa cheupe. Maji yenye weupe wa maziwa ni kawaida, ni mvuke uliochanganyika na oili kidogo. Yakitoka meusi na kunuka kuungua, acha ununuzi mpaka fundi afungue vali ya mwisho aangalie masizi.

Filta ndiyo inayodharauliwa kuliko vyote. Hewa iliyoshiba unyevu ina maji gramu 17 hivi kwa kila mita ya ujazo ikiwa nyuzi 20, na gramu 30 hivi ikiwa nyuzi 30. Saa za matumizi zilizopigiwa hesabu kwenye baridi ya Ulaya hupungua huku kwetu hadi karibu nusu. Filta ikilowa, kemikali inayogeuza kaboni monoksaidi haifanyi kazi tena. Ganda la filta nalo lina idadi maalumu ya kupandishwa na kushushwa presha. Likifika mwisho wake litupwe, hata likionekana zima. Muuzaji asiye na daftari la saa za kazi, hesabia ganda jipya kwenye bei yako.

Utunzaji ni wa nidhamu. Toa maji kila dakika 15 kama mashine haijitolei yenyewe. Tumia oili ya kompresa ya hewa ya kupumua, kamwe si ya gari. Usikaze nati yoyote wakati kuna presha ndani. Wakati wa masika, hoteli zikifungwa, mashine isiachwe ilale, kwa sababu unyevu wa chumvi hula silinda iliyokaa bure haraka kuliko kazi inavyoila. Iwashe kila wiki mpaka ipate joto sawasawa, ifikishe presha yake, toa maji yote, kisha uandike saa hizo kwenye daftari.