Nyumba ya Magurudumu Ikikosa Joto

Huko Marekani wako watu wengi ambao, wakiisha kustaafu kazi, hununua motokaa kubwa iliyojengwa kama nyumba. Ndani yake mna kitanda, jiko, meza na choo. Mwenyewe hahami nyumba. Nyumba ndiyo inayohama naye. Kila majira ya baridi, watu wengi sana huikimbia theluji ya kaskazini wakaenda kupiga kambi katika jangwa la Arizona, kandokando ya mji mdogo wa Quartzsite. Mchana jua huwaka vizuri. Lakini jangwa halijui kutunza joto. Jua likizama, baridi huingia, na mara nyingine hata maji huganda.

Bara letu nalo limepata kuwaona wasafiri wanaofanana na hao. Mwaka 1959 Mmarekani mmoja, Wally Byam, aliongoza msafara wa nyumba 41 za kukokotwa na magari. Waliondoka Cape Town na kufika Cairo mwaka 1960.

Sasa, msomaji mpenzi, fikiri mzee na mkewe wamelala katika nyumba yao ya magurudumu. Saa nane ya usiku mke anaamka, pua imekuwa baridi kama jiwe la mtoni. Mtambo wa kupasha joto umezima. Fundi yuko mbali. Wafanye nini?

Mtambo wenyewe hufanyaje kazi?

Mtambo huo huunguza gesi iitwayo propani, iliyomo katika mtungi. Lakini gesi peke yake haitoshi. Hapana budi kuwe na umeme wa betri, volti 12. Kazi yake hufuatana kama watu wanaopokezana ndoo za maji: mmoja akisimama, wote walio nyuma yake husimama pia.

Kwanza, ukutani kuna kipima-joto. Kikiona baridi imezidi, hutoa amri. Pili, feni huanza kuzunguka na kufukuza gesi yoyote iliyobaki katika chumba cha moto. Tatu, upepo wa feni husukuma kibao chembamba chenye swichi. Kibao hiki ni kama bawabu mlangoni: upepo usipotosha, hamruhusu mtu kupita. Nne, bawabu akiridhika, gesi hufunguliwa na cheche hupigwa. Moto usipowaka kwa sekunde chache, gesi hufungwa. Mitambo mingi hujaribu mara tatu, halafu hunyamaza mpaka mtu auzime na kuuwasha upya.

Sikiliza kwanza, bisibisi baadaye

Mtu mwenye busara hakimbilii kufungua mtambo. Hukaa kimya akasikiliza ni nani katika safu aliyeangusha ndoo.

Kama feni haizunguki kabisa, kosa liko mwanzoni: kipima-joto, fyuzi, waya uliolegea, au betri iliyokufa.

Kama feni inazunguka lakini cheche hazisikiki, mara nyingi bawabu hajaridhika. Na sababu ya kwanza ya kuangalia ni betri. Betri iliyojaa na kupumzika huonyesha volti 12.6 hivi. Ikishuka mpaka karibu 10.5, feni huzunguka kivivu na kibao hakisukumwi vya kutosha. Wako waliotumia fedha nyingi kununua vipuri vipya, kumbe ni betri tu iliyochoka! Huenda pia vumbi au nywele za mbwa zimekizuia kibao.

Kama cheche zinasikika lakini moto hauwaki, tafuta habari za gesi. Njia nyepesi ni kuwasha jiko la kupikia kwa muda mfupi. Lisipowaka, mtungi ni mtupu au umefungwa. Tena, mtungi ukifunguliwa kwa pupa, kizuizi cha usalama huweza kubana gesi isipite. Dawa yake ni kuufunga, kungoja kidogo, kisha kuufungua polepole. Haraka haraka haina baraka. Jiko likiwaka vizuri na mtambo ukakataa, huenda nguvu ya gesi ni ndogo, au valvu ya mtambo imeharibika. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye kipimo.

Kama moto unawaka kisha unazima, tazama matundu ya kutolea hewa ya moto. Masanduku na blanketi zikiyaziba, mtambo hupata moto kupita kiasi na swichi ya usalama huuzima. Nenda pia nje ukatazame bomba la moshi: nyigu na buibui hupenda kujenga humo.

Adui asiyeonekana

Hata hapa tumesema habari ya baridi tu. Lakini baridi ina dawa: blanketi. Liko jambo baya zaidi.

Moto wa mtambo huu hukaa katika chumba cha chuma kilichofungwa, na moshi wake hutoka nje. Chuma hicho kikipasuka, hewa yenye sumu iitwayo kaboni monoksidi huweza kuingia wanamolala watu. Haina harufu wala rangi. Hushikamana na damu kwa nguvu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, halafu hushikwa na usingizi asiamke tena. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa ufa huu, huenda asibaki mtu wa kujenga.

Kwa hiyo yule mzee asithubutu kuliacha jiko la kupikia linawaka usiku kucha ili wapate joto. Na katika gari lake hapana budi awe na king'ora cha kutambua sumu hiyo, chenye betri nzima. Kikilia, wote watoke nje kwanza, maswali baadaye. Akisikia harufu ya gesi, azime moto, afungue milango, asiguse swichi ya umeme, atoke, afunge mtungi. Propani ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni.

Huenda utasema, "Mimi sina nyumba ya magurudumu." Ni kweli. Lakini je, huna jiko la mkaa? Adui ni yuleyule. Huko Njombe, Lushoto na Mbulu, usiku wa baridi, wako wanaoingiza jiko chumbani, wakafunga mlango na dirisha, wakalala na watoto. Mkaa mwekundu usio na moshi huonekana salama. Ndio unaoua kimyakimya. Ota moto jioni, kisha litoe jiko nje kabla ya kulala. Blanketi la pili halijamwua mtu.