Fahamu: Siku moja ya Agosti, hesabu ya miaka 30
Ukivaa sweta Diani mwezi wa Agosti, wageni wa kutoka bara watakucheka. Lakini kusi ni kusi, upepo wa msimu wa ubaridi. Mombasa, jirani yetu, wastani wa joto la mchana mwezi huo ni karibu nyuzi 28. Machi, upepo wa kaskazi ukiisha, hufika 33.

Siku huitwaje "ya kawaida"? Wataalamu hupiga wastani wa miaka 30, kwa sasa 1991 hadi 2020. Rekodi ni jambo jingine: siku moja tu iliyozipita zote. Na kipimajoto hukaa kivulini, ndani ya kisanduku cheupe, si juani ufukoni.

Takwimu hizi za pwani usizipeleke Kwale mjini. Kule ni mlimani, Shimba Hills, na ubaridi wake ni mwingine.