Upepo Unaokunja Miguu (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliona kwamba tabibu wa Kihindi, yule wa Ayurveda, huugawa mwenendo wa mwili katika nguvu tatu. Leo tubaki na moja, vata, yaani upepo. Ndio unaosukuma pumzi na kunyoosha mguu. Kwa hiyo kupooza, kutetemeka na misuli kukakamaa ni upepo ulioasi. Kitabu cha Sushruta, tabibu wa kale wa Kihindi, kinayataja magonjwa makubwa manane yanayomtoa mganga jasho, na ya upepo yapo miongoni mwake.

Upepo unaasije? Charaka, tabibu mwingine wa kale, ana majibu mawili: ama njia yake imezibwa, ama mwili umekonda hata mishipa ikabaki mitupu, nao upepo ukaijaza. Hili la pili linanigusa mimi mtu wa Bukavu, maana nalijua jina lake la kwetu Kongo: konzo.

Mwaka 2011 watafiti waliandika kwamba konzo imetokea Burhinyi, katika teritwari ya Mwenga. Mtoto analala mzima. Asubuhi miguu yote miwili imekakamaa. Akisimama, magoti yanasuguana, visigino havigusi chini. Hakuna homa, na akili ni timamu. Chanzo ni muhogo mchungu ulioandaliwa kwa haraka, ukabaki na sumu ya sianidi, kwa mtu asiyepata samaki wala nyama ya kuusaidia mwili kuivunja. Vita na njaa huyakutanisha hayo mawili.

Wahindi nao wanao ugonjwa unaofanana sana na huu: kalayakhanja, kiwete cha dengu. Matabibu wao wa kale waliuhusisha na dengu za khesari, zinazostahimili ukame na kuliwa zaidi mavuno mengine yakikosekana. Kumbe waliusoma ugonjwa kwenye sahani! Hapo nawavulia kofia.

Kwenye tiba siwafuati hadi mwisho. Kukanda kwao kwa mafuta ya moto hulegeza misuli, na mgonjwa hupata nafuu. Lakini mshipa wa fahamu uliokwisha kuungua na konzo haurudi, si kwa mafuta, si kwa sindano ya hospitali.

Basi, mama unayenunua unga sokoni Kadutu, uliza muhogo ulilowekwa siku ngapi. Zisipungue tatu. Ukiwa na shaka, changanya unga na maji, utandaze mwembamba kwenye sinia, uache saa mbili juani au tano kivulini, ndipo usonge bugali. Na samaki wadogo wa sambaza pembeni, ukijaliwa.