Sikio Lisidharauliwe

Majuzi, hapa Nakuru, nilionyeshwa daftari la mwanafunzi aliyeandika “a university”. Mwalimu alikuwa amemkata alama na kusahihisha “an”, kwa hoja kwamba u ni irabu. Mwanafunzi ndiye aliyekuwa sahihi. Kanuni hii ya Kiingereza hufuata sauti, wala si herufi: university huanza kwa yu, kama yule, hour husemwa “an hour”, kwani h yake haitamkwi.

Walimu wenzangu, Kiswahili hakina vijineno hivi, lakini hekima yake tunayo: twasema kitabu, ila chakula, wala si kiakula, ki- hugeuka mbele ya irabu. Tuanzie hapo darasani. Kalamu nyekundu isiyosikiliza humfunza mtoto kuutilia shaka ukweli anaoujua.