Motokaa na Akili ya Mzee

Kando ya mto mkubwa wa Mississippi, katika nchi ya Marekani, uko mji uitwao St. Louis. Katika mji huo kuna chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1853, nacho huitwa Washington University. Humo wamo wataalamu wenye kazi ambayo pengine itakustaajabisha, ewe msomaji: huchunguza jinsi wazee wanavyoendesha motokaa zao, miaka kwa miaka, ili wapate kujua hali ya akili za wazee hao.

Mtu asiyepata kushika usukani hudhani kwamba kuendesha motokaa ni kazi ya mikono na miguu tu. Sivyo. Mfikirie dereva anayefika penye njia panda. Macho yake hutazama mbele, kisha hutazama kioo ili aone kilicho nyuma yake. Masikio husikiliza honi. Papo hapo hana budi kukumbuka aendako, na njia impasayo kuifuata, na sheria ya mahali pale, yaani nani apite kwanza na nani angoje. Ghafula mtoto atokea mbio akifuata mpira wake. Hayo yote ubongo huyakusanya na kuyapima, kisha huuamuru mguu ukanyage breki, kabla dereva hajawahi kutamka hata neno moja. Kwa kuwa kazi nyingi namna hii hufanywa pamoja na kwa upesi, kasoro iliyo ndogo sana katika ubongo yaweza kujionyesha barabarani kabla haijaonekana mahali pengine. Mzee aweza kuketi na wageni wake, akazungumza vizuri, akakumbuka habari za ujana wake, wala pasiwe na mtu wa kushuku lolote.

Uzee wenyewe si ugonjwa. Wako watu wengi waliopita miaka 80 na akili zao ni timamu kabisa. Walakini wako wengine wanaopatwa na maradhi ya ubongo, na lililo mashuhuri kuliko yote ni ugonjwa wa Alzheimer. Jina hilo ni la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer. Mwaka 1901 alimwona katika hospitali ya mji wa Frankfurt mwanamke wa miaka 51, jina lake Auguste Deter, ambaye alikuwa amepotewa na kumbukumbu. Alipoulizwa jina la mumewe alijibu kwa kutaja jina lake mwenyewe. Mwanamke huyo alikufa mwaka 1906, na daktari akautazama ubongo wake kwa hadubini, yaani chombo cha kukuzia vitu vidogo. Akaona mabonge madogo yaliyogandamana katikati ya chembe za ubongo, na ndani ya chembe zenyewe akaona nyuzi zilizosokotana. Mwaka huohuo aliwaeleza madaktari wenzake habari hiyo katika mkutano wa Tübingen, wala hawakuijali sana.

Siku hizi tunajua kwamba mabonge hayo ni ya protini iitwayo amiloidi, na kwamba huanza kukusanyika kichwani miaka mingi, pengine 15 au 20, kabla mtu hajaanza kusahau. Yaani ugonjwa huingia kimya kimya kama mchwa katika boriti. Nyumba husimama vilevile, na wenyeji hulala usingizi. Waganga waweza kuugundua mapema kwa kupiga picha ya ubongo kwa mitambo ya gharama kubwa, au kwa kupima maji yatolewayo katika uti wa mgongo, na siku hizi hata kwa kupima damu. Lakini ni nani aendaye kupimwa hali yeye mwenyewe hajisikii mgonjwa?

Wataalamu wa St. Louis walikuwa wameshughulika na ugonjwa huu tangu zamani. Mwaka 1982 walitangaza kipimo cha kuwapa wagonjwa alama: mzima hupewa 0, mwenye dalili ndogo sana hupewa nusu, kisha hufuata 1, 2 na 3 kwa kadiri ugonjwa unavyozidi. Mwaka 1997 walitoa habari ya mtihani wa kuendesha waliouandaa. Wazee 123 waliendesha motokaa barabarani, katikati ya magari mengine, na mtahini akaketi ndani akiandika makosa yao. Katika wazee wazima, walioshindwa walikuwa 3 katika kila 100. Katika wale wa alama ya nusu walikuwa 19 katika 100, na katika wale wa alama ya 1 walikuwa 41.

Tazameni vema hesabu hizo, maana zasema mambo mawili. La kwanza kila mtu huliona: ugonjwa ukizidi, hatari huzidi. La pili husahauliwa mara nyingi. Katika wale ambao ugonjwa wao ulikwisha kujulikana, 59 katika 100 hawakushindwa. Basi kumnyang'anya mtu ufunguo wa motokaa yake kwa sababu ya jina la ugonjwa tu, pasipo kumtazama anavyoendesha, ni kumdhulumu.

Lakini mtihani una upungufu wake, nanyi wanafunzi mwaujua kuliko mimi. Mwalimu akiwa amesimama nyuma yako, mwandiko wako huwa mzuri. Mtu akijua kwamba atahiniwa leo, hujikaza, na kesho hurudia desturi zake. Kadhalika mtihani huwa wa saa moja au pungufu, katika njia iliyochaguliwa na mtu mwingine. Haumwonyeshi mzee akirudi nyumbani mwake jioni, mvua ikinyesha, naye amechoka.

Kwa hiyo wataalamu hao, wakiongozwa na Catherine Roe na Ganesh Babulal, walishika njia nyingine. Motokaa zote ndogo zilizouzwa Marekani tangu mwaka 1996 zina tundu maalumu chini ya usukani, ambamo fundi huchomeka chombo chake ili ajue injini ina ubaya gani. Katika tundu hilo wakachomeka kifaa kidogo. Motokaa ikitembea, kifaa hupokea ishara kutoka kwa setilaiti zinazoizunguka dunia, na kila baada ya nusu dakika huandika mahali ilipo, na saa, na mwendo wake. Tena huandika kila mara dereva akanyagapo breki kwa ghafula. Mzee hakuambiwa abadili lolote. Alikubali kwa hiari yake kifaa kiwekwe, kisha akaendelea na shughuli zake.

Mwaka 2021 walitangaza matokeo ya mwaka mmoja mzima wa kuwafuata wazee 139. Aliyeongoza kuipima hesabu yenyewe alikuwa Sayeh Bayat, mhandisi aliyekuwa akisoma katika chuo kikuu cha Toronto, nchi ya Kanada. Hakuna hata mmoja katika wazee hao aliyekuwa amepotewa na akili. Wote walikuwa wakienda sokoni na kanisani na kwa jamaa zao kama kawaida. Lakini vipimo vya maji ya uti wa mgongo vilikuwa vimeonyesha kwamba 64 kati yao walikwisha kuwa na amiloidi kichwani. Kompyuta ikafundishwa kulinganisha safari za hao 64 na safari za wenzao 75.

Tofauti zikaonekana. Wale 64 walikwenda mwendo wa polepole zaidi, na mara kwa mara walibadili mwendo kwa ghafula. Walisafiri maili chache zaidi. Walikwenda mahali pachache, wakafuata njia zile zile, na usiku walitoka mara chache kuliko wenzao.

Kwangu mimi, habari ya usiku ndiyo yenye kugusa moyo zaidi. Usiku taa za motokaa zijazo hutia macho kiwi, na vibao vya barabarani havionekani mpaka umevikaribia, kwa hiyo ubongo hauna budi kuamua kwa haraka kuliko mchana. Mzee ambaye nguvu yake imeanza kupungua huuacha usiku pasipo kushauriwa na mtu. Ukimwuliza, atakuambia kwamba siku hizi hapendi tu kutoka jioni. Hasemi uongo, wala hajui kwamba anaumwa. Mwili wake umeitambua hatari kabla yake, ukamwekea mpaka. Kwanza huacha usiku, kisha huacha mji wa mbali, kisha huacha njia asiyoizoea, na dunia yake huzidi kuwa ndogo.

Kundi hilohilo liliendelea na kazi. Mwaka 2025 lilitangaza uchunguzi wa wazee 298 waliofuatwa kwa zaidi ya miaka 3. Miongoni mwao 56 walikuwa wameanza kupungukiwa na akili, na 242 walikuwa wazima. Hapo mwanzo makundi mawili hayo yaliendesha kwa namna inayofanana. Kadiri miezi ilivyopita yakaachana, na wale 56 wakapunguza safari za mwezi, na safari za usiku, na kugeuza njia. Kwa kutazama safari peke yake, wataalamu waliweza kuwatenga wagonjwa na wazima kwa usahihi wa 82 katika 100. Kwa kutumia umri na maswali ya kupima akili na mambo mengineyo, bila safari, walipata 76. Walipoyaunganisha yote wakapata 87.

Hesabu hiyo ni nzuri, lakini 82 katika 100 maana yake ni kwamba wako 18 waliohukumiwa visivyo. Mzee aweza kuacha kuendesha usiku kwa sababu macho yake yana mtoto wa jicho, au kwa sababu mafuta yamepanda bei, au kwa kuwa rafiki aliyekuwa akimtembelea jioni amekufa. Kifaa huandika kwamba hakutoka. Sababu yake hakiijui.

Tena kosa katika jambo hili si dogo. Miji ya Marekani imetapakaa sana. Nyumba ziko huku, maduka yako kule, na mara nyingi hakuna basi wala njia ya miguu katikati yake. Asiyeendesha huketi ndani akingoja kuchukuliwa. Mwaka 2016 wataalamu wa Columbia University, katika mji wa New York, walitoa habari baada ya kukusanya chunguzi 16 juu ya wazee walioacha kuendesha, wakaona kwamba hatari ya kupatwa na huzuni kubwa ya moyo ilikuwa karibu maradufu kuliko kwa wale walioendelea.

Kwa upande mwingine, asiyeambiwa aache aweza kuua mtu. St. Louis imo katika jimbo la Missouri, na jimbo hilo lina sheria, iliyoanza kutumika mwaka 1999, inayowaruhusu polisi, madaktari, makarani wa leseni na hata jamaa wa nyumbani kuiarifu serikali juu ya dereva wanayemhofia. Wachunguzi walipoziangalia habari za watu wapatao 4,100 waliotajwa hivyo kati ya mwaka 2001 na 2005, wengi wao wakiwa na umri wa kadiri ya miaka 80, waliona kwamba waliobaki na leseni zao hawakufika 4 katika kila 100. Madaktari walikuwa wametaja mtu mmoja katika kila watano, na jamaa wachache kuliko hao. Ni dhahiri kwamba wengi walinyamaza mpaka mambo yakaharibika, kisha leseni ikachukuliwa yote mara moja. Mwana huona haya kumwambia baba yake neno kama hilo, na daktari huogopa kumpoteza mgonjwa wake.

Hapa ndipo kazi ya kifaa kile kidogo inapokuwa na thamani. Mabadiliko yakionekana miaka kadhaa mapema, kuna nafasi ya kuzungumza kwa utulivu. Mzee aweza kuchunguzwa macho, au kubadilishiwa dawa zinazomletea usingizi; aweza kuendelea kuendesha mchana karibu na nyumbani, na jamaa wakapata muda wa kupanga ni nani atakayempeleka dukani na hospitalini. Lakini liko neno gumu ambalo halijamalizika. Kifaa kijuacho njia zako zote hujua pia nyumba unazoziingia na saa unazotoka. Wazee wa St. Louis waliwaamini wachunguzi wao, nao walitoa idhini. Je, habari kama hizo zikiingia mikononi mwa kampuni ya bima, au mwa mwana anayeitamani motokaa ya babaye? Kwa maoni yangu ni haki habari hizo ziwe za mzee mwenyewe kwanza, naye achague wa kuonyeshwa.

Katika nchi hiyo wako wazee wanaolitangulia jambo hili kwa njia nyingine. Huandika waraka wangali na akili timamu, wakimtaja mtu mmoja wanayemwamini, na kumpa ruhusa ya kuwaambia siku ya kuacha usukani itakapofika. Waraka huo si amri ya serikali. Atajwaye aweza kuwa mke au mume, mwana, rafiki au daktari, na mzee hutia sahihi yake chini, kisha huchukua ufunguo wake na kuendesha mpaka nyumbani.