Maji ya Moto Yananuka: Kosa ni la Nani?

Asubuhi za Juni na Julai mjini Lubumbashi zina baridi, kwa maana mji wetu umejengwa juu, yapata mita 1,200 kupita usawa wa bahari. Si ajabu basi kwamba jamaa wenye kujaliwa kidogo hununua boila, yaani pipa la chuma la kupashia maji kwa umeme, ili watoto waoge bila kutetemeka kabla ya kwenda shuleni.

Jamaa moja ya Katuba, yenye kisima cha pampu uani, ilifanya hivyo. Juma la kwanza ilikuwa furaha tupu. Juma la pili mama alifungua robine ya maji ya moto, na nyumba nzima ikajaa harufu ya mayai yaliyooza. Jirani mmoja akasema maji yametiwa sumu. Mwingine akasema fundi ameleta boila kuukuu kwa bei ya boila mpya. Baba akakasirika, akakataa kumlipa fundi fedha zilizobaki. Kumbe fundi naye alikuwa na watoto waliomngojea nyumbani.

Je, haki ilikuwa kwa nani? Kabla ya kuhukumu, tuchunguze. Chukua bilauri mbili, moja ujaze maji baridi, ya pili maji ya moto. Zipeleke mbali na tundu la maji machafu, maana pengine tundu hilo ndilo linalonuka. Kisha nusa. Kama maji yote mawili yananuka, shina la mambo liko kisimani. Kama ni ya moto tu, tazama boila.

Ndani ya boila nyingi mna fimbo ya magnesi. Mafundi huiita anodi. Kazi yake ni kuliwa na maji polepole, ili chuma cha pipa kisiliwe na kutu. Ufundi huu ni wa zamani. Mwaka 1824 mtaalamu Mwingereza Humphry Davy alionyesha kwamba shaba, madini tunayoyajua vema sisi watu wa Katanga, hailiwi na maji ya bahari ikifungwa pamoja na kipande cha zinki au cha chuma. Aliijaribu njia hiyo katika merikebu zilizovikwa mabamba ya shaba. Shaba ikapona kweli, lakini magugu na makome ya bahari yakaanza kushika chini ya merikebu, zikaenda polepole. Dawa ya shida moja ilileta shida nyingine.

Ndivyo ilivyo katika boila. Maji mengi ya ardhini yana chumvichumvi zenye kiberiti, si kile cha kuwashia moto, bali yale madini ya rangi ya manjano. Tena yana vijidudu visivyohitaji hewa safi. Fimbo inapoliwa hutoa hidrojeni. Vijidudu huitumia, na kuzigeuza chumvi zile kuwa hewa yenye harufu ya mayai mabovu. Hustawi hasa katika maji ya vuguvugu, kama vile umeme unapokatika mara kwa mara, au boila inapowekwa kwenye moto mdogo. Maji yaliyotiwa klorini huvizuia. Maji ya kisima hayana klorini. Kwa hiyo boila mpya kabisa, iliyofungwa vizuri kabisa, yaweza kunuka.

Tufanye nini? Kwanza, moto upandishwe hadi digrii 70 kwa saa kadhaa, mradi kizibo cha usalama kinafanya kazi. Kisha maji yapitishwe katika kila robine. Watoto wakae mbali! Maji ya digrii 60 tu huunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde chache, na ya mtoto upesi zaidi. Harufu ikirudi, fundi azime umeme, asafishe boila kwa dawa ya klorini, aisuuze vema. Ikirudi tena, abadilishe fimbo ya magnesi, aweke ya alumini na zinki.

Jihadharini na mambo mawili. La kwanza, msiing'oe fimbo na kuziba tundu lake: harufu itapungua, lakini pipa litaanza kuliwa na kutu. La pili, boila ikikaa majuma mengi bila kutumiwa, hidrojeni huweza kukusanyika ndani yake, nayo hushika moto. Fungueni madirisha, acheni maji yatiririke, wala asiwepo mwenye sigara au mshumaa karibu. Hata ile hewa inayonuka ni sumu ikijaa katika chumba kilichofungwa.

Kule Katuba, baba alimwita fundi, wakanusa bilauri pamoja. Maji baridi hayakunuka. Moto ulipandishwa, harufu ikarudi baada ya siku chache. Fimbo ikabadilishwa, harufu ikaisha. Baba akalipa deni lake lote, akaomba radhi mbele ya majirani wale wale waliosikia matukano yake. Ndugu msomaji, boila huweza kutengenezwa kwa siku moja. Jina la fundi likichafuliwa mtaani, halisafishwi upesi hivyo. Basi, tunuse kwanza bilauri mbili, ndipo tuseme.