"Umewanda, Mashaallah!"

Hapa kwetu mwambao, mtu akirudi safari hupokewa kwa moja ya maneno mawili: "Umewanda, mashaallah!" au "Mbona umekonda, waumwa?" La kwanza ni sifa, la pili ni pole. Bibi arusi akinawiri miezi michache baada ya fungate, husemwa kuwa mumewe amtunza. Akipungua, majirani huanza kumchunguza mume. Basi mwili wa mke umekuwa kama daftari la mapato ya nyumba, na anayetaka kupunguza uzito huogopa maneno ya watu kuliko maradhi.

Desturi hii ilikuwa na maana yake zamani, chakula kilipokuwa cha msimu. Leo sukari na mafuta ya kukaangia yapo katika kila duka la mtaa. Uchunguzi wa afya uliofanywa Kenya nzima mwaka wa 2015 ulionyesha kuwa watu wazima 27 katika kila 100 walikuwa na uzito uliopita kiasi. Kwa wanawake peke yao walikuwa zaidi ya 38.

Mafuta ya hatari zaidi si yale ya mapajani, bali ni yale yaliyojificha ndani ya tumbo, yakalizunguka ini na matumbo. Hayo huufanya mwili usiitii insulini, ambayo kazi yake ni kuitoa sukari katika damu na kuiingiza mwilini itumike. Kongosho hufanya kazi maradufu, hatimaye huchoka, na ndipo maradhi ya sukari yanapoingia. Nayo huja bila ya hodi. Mtu aweza kuwa nayo kwa miaka akidhani ni uchovu tu, hata siku kidonda cha mguu kinapokataa kupona, au macho yanapoanza kuona kiwi. Huandamana nayo shinikizo la damu, maradhi ya moyo na kiharusi. Na anayekoroma kwa kishindo, akikatika pumzi na kushtuka, asichekwe. Mara nyingi ni mafuta ya shingoni yanayombana koo.

Tazama pia viti vinavyopangwa misikitini. Wengi wanaovisalia ni wazee, lakini wamo watu wa makamo ambao magoti yamewanyima kusujudu. Watafiti wa Marekani walionyesha mwaka wa 2005 kuwa kila kilo moja anayopunguza mtu hulipunguzia goti mzigo wa kilo nne kwa kila hatua.

La ajabu ni wale wanaofunga Ramadhani nzima wakatoka na uzito zaidi. Si saumu iliyowanenepesha. Ni kaimati zilizorowekwa shira, sambusa, viazi vya nazi, tambi za sukari, kisha daku la wali. Ilhali mafunzo ya Mtume (S.A.W.), kama alivyoyapokea Tirmidhi, ni kuwa atakayezidisha basi aligawe tumbo mafungu matatu: chakula, kinywaji na pumzi. Kwa pilau la arusini, fungu la pumzi huliwa pia!

Kanzu na dera hazilalamiki kama suruali, kwa hivyo mtu hajijui. Lakini futi ya fundi cherehani yatosha: kiuno cha mwanamke kikipita sentimita 80, na cha mwanamume 94, hatari imeanza. Wala si lazima mtu awe kama ufito. Katika jaribio kubwa lililotangazwa Marekani mwaka wa 2002, watu waliokaribia kupata maradhi ya sukari walitakiwa kupunguza asilimia 7 tu ya uzito wao, na kutembea dakika 150 kwa wiki. Waliopatwa na maradhi hayo wakapungua kwa asilimia 58, wakilinganishwa na walioachwa bila ya mpango huo wala dawa. Kwa mwenye kilo 80, hizo hazifiki hata kilo sita. Mombasa kuna ufuo wa Mama Ngina, uliotengenezwa upya mwaka wa 2019, na buibui halimzuii mtu kuvaa raba.

Aliye tayari katika dawa za sukari amwone daktari kabla ya kupunguza chakula, kwani huenda na kipimo cha dawa kikahitaji kupunguzwa.